Babu wa Kiponda anajibu: Kriketi, viza na mkono uliokosa mwenzake

Mwezi uliopita nilimjibu mama mmoja wa Kikwajuni aliyegombana na jirani yake kwa ajili ya maji ya mtaro, na katika kupita nikasema kwamba wamefikia pa India na Pakistan, ambao siku hizi hata kiwanjani hawapeani mkono. Sentensi moja tu. Ugomvi wa mtaro hakuna aliyeuuliza tena. Barua karibu zote zilizokuja ni za kriketi. Basi mwezi huu ni kriketi.

Babu, assalamu alaykum na shikamoo. Mie ni msimamizi wa jikoni katika hoteli moja ya Paje. Nna wapishi wawili, mmoja katoka Kerala, India, mwengine Lahore, Pakistan. Wamekaa chumba kimoja mwaka wa pili sasa, na kriketi wakiitazama pamoja kwenye simu moja. Tangu Kombe la Asia la Septemba 2025, pale wachezaji wa India walipokataa kuwapa mkono Wapakistani, na hawa wangu wamebadilika. Salamu ipo, lakini ya midomo. Mmoja kaniomba nimhamishe chumba. Niwapatanishe vipi? Na unieleze na mie nifahamu: kama wanachukiana hivyo, kwani wanacheza kwa nini?
*Msimamizi, Paje*

Wa alaykumu salaam na marahaba, kijana wangu. Nianzie mwisho, maana ukishafahamu kwa nini wanacheza, la wapishi halitakushinda.

Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye bunduki waliwaua watu 26 huko Pahalgam, katika sehemu iliyo chini ya India ya Kashmir, ardhi wanayoigombea nchi hizo mbili; wengi wao watalii. India ikasema Pakistan ina mkono wake humo, Pakistan ikakana. Kuanzia tarehe 7 hadi 10 Mei majirani hao, wote wawili wenye silaha za nyuklia, wakarushiana makombora na ndege zisizo na rubani, kisha wakasimamisha. Miezi minne baadaye, tarehe 14 Septemba, ratiba ya Kombe la Asia ikawakutanisha Dubai. Nahodha wa India, Suryakumar Yadav, na wa Pakistan, Salman Agha, wakarusha sarafu bila ya kupeana mkono. India iliposhinda, wapigaji wake wawili waliokuwa kiwanjani walitoka moja kwa moja wakaingia ndani, na Wapakistani waliobaki kungojea salamu ya mwisho wa mechi hawakuipata. Pakistan ikataka msimamizi wa mechi, Andy Pycroft wa Zimbabwe, aondolewe. Haikukubaliwa, na mechi yao iliyofuata, dhidi ya Falme za Kiarabu, ikachelewa kiasi cha saa nzima watu wakibishana ofisini. Maskini Mzimbabwe wa watu, kaenda kusimamia kanuni za mchezo akajikuta kati ya madola mawili ya nyuklia.

Fainali ikaja tarehe 28 Septemba, India na Pakistan tena. Kombe hilo lilianza 1984 na hawajapata kukutana fainali hata siku moja mpaka hapo. India ikashinda kwa wiketi tano, yaani ilifikia alama za ushindi na wapigaji watano bado hawajatolewa. Aliyekuwa akabidhi kombe ni Mohsin Naqvi, rais wa Baraza la Kriketi la Asia, ambaye wakati huo huo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya kriketi ya Pakistan na waziri wa mambo ya ndani wa Pakistan. Wahindi wakasema kwa mkono huo hatupokei. Sherehe ikangojewa zaidi ya saa, kombe likaondolewa, na washindi wakapiga picha za kushangilia wamebeba hewa.

Hayo ndiyo waliyoyaona wapishi wako. Sasa tazama na ambalo halikuonyeshwa kwenye simu. Mkono ulikatwa, mechi haikukatwa. Katika mashindano yale yale walicheza mara tatu, na hakuna serikali kati ya mbili hizo iliyosema timu irudi nyumbani. Lakini timu ya India haijakanyaga kiwanja cha Pakistan tangu 2008. Pakistan haijaalikwa India kwa ziara ya wao kwa wao tangu ile ya Disemba 2012 na Januari 2013. Mechi yao ya mwisho ya siku tano ilikuwa Bangalore, Disemba 2007. Mwaka 2025, Pakistan ilipokuwa mwenyeji wa Kombe la Mabingwa, India ilicheza mechi zake zote Dubai, na kwa kuwa ilifika fainali, fainali nayo ikachezwa Dubai. Mwenyeji kaandaa karamu, keki ikakatwa kwa jirani wa pili. Ukija kwenye mashindano ya dunia, hao hao hupangwa kundi moja mara kwa mara, maana mechi yao moja ndiyo inayouza matangazo ya televisheni kuliko nyengine zote. Usidhani hiyo ni bahati ya kura.

Kwa hiyo wanachezea fedha, tena katika nchi ya mtu wa tatu. Hapo sioni ajabu, biashara ni biashara. Linaloniuma ni jengine: kinachofutwa kila mara ni kile kipande cha kriketi kilichokuwa na faida kwa mtu wa kawaida, nacho ni safari. Januari 1955 India ilikuwa ikicheza Lahore, na mpaka ukafunguliwa kwa watazamaji. Maelfu ya Wahindi walivuka kituo cha mpakani cha Wagah kwenda kutazama, na ilikuwa miaka minane tu baada ya mgawanyiko wa 1947 uliozaa nchi hizo mbili, na mauaji yake. Wengi wao walikuwa watu wa Lahore waliokimbia. Walikwenda kutazama mpira na kutazama nyumba zao. Machi na Aprili 2004 India ilifanya ziara kamili Pakistan kwa mara ya kwanza tangu 1989, viza zikatolewa kwa maelfu, na waliokwenda walirudi na hadithi za wenye maduka na wenye teksi waliokataa kupokea pesa ya mgeni. Karachi, India ilishinda mechi kwa tofauti ya mikimbio mitano tu (mikimbio ndiyo alama za kriketi), na wenyeji wakawapigia makofi.

Mie haya siyasomi kama habari za mbali. Mlango wa pili kutoka kwetu Kiponda palikuwa na duka la vitambaa la Khoja ambaye wazee wake walitoka Kutch. Mama yake mwenye duka alikuwa na dada wawili, mmoja kabaki Kutch, India, mmoja kaolewa Karachi, Pakistan. Kutch na Karachi, mkichukua ramani, ziko pwani moja; jahazi lilikuwa likenda na kurudi pasi na kuulizwa na mtu. Baada ya mgawanyiko, dada hao wawili hawakuweza kutembeleana. Basi kabla ya Mapinduzi, mie mtoto, walikutana hapa Unguja, kila mmoja kwa meli yake, kwa mdogo wao wa Kiponda. Mama zetu walikwenda kuwaamkia. Bahari ya Hindi nzima waliikata kwa sababu hawakuruhusiwa kuvuka hori. Mwenye duka mwenyewe, mtoto wa mdogo wao, alikuwa akiishangilia India ikipiga na Pakistan ikirusha, na ukimuuliza vipi, anasema ndivyo familia ilivyogawanywa.

Haya, wapishi wako. Usiwaite mbele ya watu ukawaambia wapeane mikono. Hilo ndilo kosa wanalolifanya wakubwa wote: wanamtaka mtu awe balozi na yeye kaajiriwa kupika. Anayeomba kuhama chumba mhamishe, kimya kimya, wala usiulize sababu, ila zamu zao jikoni usizitenganishe. Kisha zungumza na kila mmoja kwa wakati wake, usimtajie kriketi. Muulize hali ya kwao. Huyo wa Lahore, mji wake uko karibu na mpaka, na Mei 2025 watu wa huko walisikia milipuko; huenda mama yake alikuwa ndani ya nyumba. Huyo wa Kerala yuko mbali na Kashmir kama sisi na Khartoum, lakini miongoni mwa wale 26 wa Pahalgam alikuwamo mtu wa Kerala. Mwenye kovu usidhani kapoa. Inawezekana hao hawana ugomvi wa mkono wa Dubai hata chembe, kila mmoja anangoja mwenzake amuulize "kwenu wazima?" na hakuna aliyeuliza. Wewe ukianza kuuliza, watajua kwamba jikoni kwako linaulizika.

Na simu ya kutazamia, usiingilie. Mechi ikiwa kali watarudi wenyewe, hasa kama mmoja kaishiwa na bando.

Mzee wangu, redioni nimesikia wakisema "diplomasia ya kriketi". Nasomesha historia kidato cha nne na wanafunzi wangu wameniuliza kama imewahi kumaliza ugomvi hata mmoja. Nimewaambia nitamuuliza mtu.
*Mwalimu, Wete*

Waambie haijawahi, lakini usiwaache hapo, kwa sababu namna ilivyoshindwa inasomesha.

Watakaotaka kukubishia watakuletea mifano mitatu. Februari 1987 majeshi yalikuwa yamejazana mpakani baada ya India kufanya mazoezi makubwa ya kivita, na rais wa Pakistan, Jenerali Zia-ul-Haq, akapanda ndege kwenda Jaipur kutazama mechi. Watu wakasema kriketi imezuia vita. Wa pili ni ile ziara ya 2004 niliyoieleza juu, ambayo waziri mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, aliwaaga wachezaji kwa kuwataka washinde mchezo na mioyo pia. Wa tatu ni nusu fainali ya Kombe la Dunia, Mohali, tarehe 30 Machi 2011: waziri mkuu wa India, Manmohan Singh, alimwalika mwenzake wa Pakistan, Yousaf Raza Gilani, wakakaa pamoja, India ikashinda kwa mikimbio 29.

Sasa wewe ni mwalimu wa historia, wape wanafunzi tarehe wazipange. Kabla Zia hajapanda ndege, maafisa wa nchi mbili walikuwa wameshakubaliana mapema mwezi huo huo jinsi ya kuanza kurudisha majeshi nyuma. Kabla ya ziara ya 2004, mapigano kwenye mstari unaoigawa Kashmir yalikuwa yamesimamishwa tangu Novemba 2003, na Januari 2004 Vajpayee alikuwa Islamabad akizungumza na rais wa Pakistan, Musharraf. Kabla ya Mohali, mazungumzo yalikuwa yamesharudi mezani. Kila mara karatasi inatangulia na mpira unafuata. Kriketi haijafungua mlango hata mmoja. Inaingia ukishafunguliwa, ikapigwa picha kizingitini, na mpiga picha akasema ndiye aliyefungua.

Ukiufunga, inatoka vile vile. Baada ya mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008, ambayo India iliilaumu Pakistan, ziara zilikatika mara moja. Wachezaji wa Pakistan walicheza msimu wa kwanza tu wa ligi ya India, 2008, kisha basi.

Wasomeshe na mwaka 1999, kwa sababu huo unawakosesha usingizi wanaotaka mambo yawe mepesi. Januari, kabla ya Pakistan kucheza Delhi, wafuasi wa chama cha Shiv Sena cha India waliingia kiwanjani usiku wakakichimbua (na Mumbai walikwishafanya hivyo 1991, ziara ikavunjika). Mechi ya kwanza ikachezwa Chennai. Mpigaji wa India, Sachin Tendulkar, alipiga mikimbio 136 na mgongo unamuuma, akatolewa huku India ikiwa karibu kushinda, na waliobaki wakaanguka kama nguo kwenye kamba. Pakistan ikashinda kwa mikimbio 12. Uwanja mzima wa Wahindi ukasimama ukawapigia makofi Wapakistani, nao wakazunguka uwanja kuwashukuru. Miezi michache baadaye majeshi yalikuwa yakipigana Kargil, milimani. Na vita vikiendelea, tarehe 8 Juni, timu hizo hizo zilicheza Kombe la Dunia mjini Manchester. Makofi ya Chennai yalikuwa ya kweli. Vita navyo vilikuwa vya kweli. Watu wa Chennai hawakuulizwa.

Kuna mfano mmoja tu ambao naupenda bila ya sharti, na ni wa kumsaidia mtu wa tatu. Mwanzoni mwa 1996, Kombe la Dunia likiwa mlangoni, bomu liliua watu wengi Benki Kuu ya Colombo, na Australia na West Indies wakakataa kwenda kucheza Sri Lanka. India na Pakistan wakaunda timu moja, wachezaji wao wamechanganyika, wakaenda Colombo kucheza mechi ya kirafiki kuwaonyesha ulimwengu kwamba panachezeka. Tarehe 13 Februari 1996. Mwezi uliofuata Sri Lanka ikawa bingwa wa dunia, tena ikaifunga Australia hiyo hiyo, tena mjini Lahore. Wanafunzi wako wakikuuliza mbona waliweza pale, waulize wao.

Babu, mimi mwanafunzi hapa Bweleo. Wenzangu wengi na walimu wanatoka India, nimejifunza kriketi kwao. Wananiambia zamani India na Pakistan walitoka sare mara kumi na tatu mfululizo. Inawezekana kweli?
*Mwanafunzi, Bweleo*

Inawezekana na ilitokea. Mechi mbili za mwisho za ziara ya 1952, zote tano za 1955, zote tano za 1960 na 1961, na ya kwanza ya 1978. Hesabu. Kriketi ya siku tano ina sare yake ya ajabu: siku zikimalizika na timu haijatolewa yote, hakuna mshindi, hata kama mmoja anaongoza kwa mbali. Basi ukiogopa kushindwa unazuia tu, unapiga chini, unakula saa. Nahodha wa nchi hizo alijua akishindwa na jirani hatorudi nyumbani kwa raha, akaona bora watazamaji wasinzie. Kati ya ya kumi na mbili na ya kumi na tatu kuna miaka kumi na saba ya kutochezeana kabisa, na vita viwili, 1965 na 1971.

Waulize na hao walimu wako habari za Abdul Hafeez Kardar. Mwaka 1946 aliichezea India huko Uingereza. Mwaka 1952 aliingia Delhi nahodha wa kwanza wa Pakistan, anarusha sarafu na watu aliokuwa akivaa nao jezi moja.

Babu yangu, mimi nna miaka kumi na minne. Kaka yangu anasema Zanzibar hapajapata kuchezwa kriketi, wewe unatunga. Mwambie.
*Mkoani, Pemba*

Mwambie kaka yako aje Mnazi Mmoja nimwonyeshe palipokuwa kiwanja. Wakati wa ukoloni Waingereza walicheza pale, ambao klabu yao ilikuwa Shangani katika jengo lililokuja kuitwa Africa House, na Wagoa walicheza, na Waparsi, na Wahindi wa kila jamaa. Sisi watoto wa Kiswahili tulikuwa wa kuokota mipira, kisha tunaucheza wenyewe vichochoroni kwa ubao wa sanduku la chai na wiketi tumezichora ukutani kwa mkaa. Ukipiga mpira ukaingia dirisha la mtu umetoka, na kipigo juu yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi waliokuwa wakicheza waliondoka, na Mnazi Mmoja ikabaki ya soka.

Lakini mwambie na hili, maana nina hakika halijui. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, Uingereza, 1975, ilikuwamo timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Watu wake walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha Harilal Shah wa Kenya. Watanzania Praful Mehta na Shiraz Sumar. Waganda Samuel Walusimbi na John Nagenda. Walipoteza mechi zote tatu, na India iliwafunga Leeds bila ya kupoteza wiketi hata moja baada ya wao kutolewa kwa mikimbio 120. Sio timu ya kujisifia. Ila ukumbuke ni mwaka gani. Miaka mitatu kabla, 1972, Idi Amin kawafukuza Wahindi Uganda, na wapinzani wake wakaivamia Uganda kutokea Tanzania. Miaka mitatu baadaye, 1978, Tanzania na Uganda walikuwa vitani. Na katikati hapo Mtanzania na Mganda, Mhindi na Mwafrika, wamevaa kofia moja wakifungwa pamoja.

Mzee, gazeti ni la Waswahili. Haya ya Wahindi na Wapakistani yatuhusu nini sisi? Hatuna ugomvi wetu? Na mume wangu anamaliza pesa za samaki kwa bando za kriketi, na wewe unampa moyo.
*Mama watatu, Michenzani*

Dada yangu, ugomvi wetu tunao, na ndio maana. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Wewe huenda hukuwa umezaliwa. Mie nilikuwa na shangazi Mombasa. Mwenye ndugu Tanga na Mombasa, mwenye mke huku na wazee kule, alijua maana ya kuuliziwa ruhusa na mtu asiyemjua shangazi yake. Viongozi waligombana juu ya ndege na magari na itikadi. Waliokosa kwenda mazikoni ni watu wa Vanga. Nikisoma Mhindi wa Amritsar hawezi kwenda Lahore kutazama mpira, ambayo ni karibu kama hapa na Nungwi, sihitaji mtu kunifasiria.

Na kama unataka la kwetu la mpira khasa: Machi 2017 Shirikisho la Soka la Afrika liliipa Zanzibar uanachama kamili, Michenzani nzima ikapiga honi. Julai ya mwaka huo huo likautoa, kwa hoja kwamba Zanzibar si dola. Mwezi Disemba vijana wetu wakaenda Kenya kwenye Chalenji, wakafika fainali na mwenyeji, wakapoteza kwa penalti. Mkenya alipeana mkono nasi. Waliotunyima hawakuwa kiwanjani.

Ama la mumeo. Samaki kwanza, na hilo mwambie Babu kasema. Lakini umshukuru Mungu kwa jambo moja: mechi anazozitazama ni za ova ishirini kila upande (ova moja ni mirusho sita ya mpira), saa tatu na kitu zimemalizika, mtu anafika sokoni Darajani na vibua bado vipo. India na Pakistan siku wakipatana wakarudi kucheza ile ya siku tano, bando utalinunua wewe.